Tupeane uzoefu: intaneti ya nyumbani Nairobi, ni nani aliyekuchagulia kampuni?

Mpangaji wa Mwiki

Wadau, hamjambo. Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika, wateja wangu wako nje ya nchi, kwa hivyo usiku ndio mchana wangu. Mwezi wa nane nilihamia ploti ya ghorofa tano hapa Mwiki, Kasarani. Kabla ya kulipa dipositi niliuliza maji, nikauliza tokeni za stima, nikauliza geti linafungwa saa ngapi. Intaneti sikuuliza, kwa sababu nguzo iliyo nje ya geti imebeba nyaya za kampuni tatu. Siku ya kuleta vitu ndipo keateka akaniambia, "Hapa tuko na moja tu. Mwenye ploti hataki ukuta utobolewe tena."

Hiyo moja nailipa shilingi 2,500 kwa megabiti 8 kwa sekunde. Jirani wa ploti ya pili, tunagawana ukuta wa ua, analipa pesa hizo hizo kwa kampuni nyingine na anapata 20. Yangu ikifika saa mbili usiku inashuka hadi 2. Nikipiga simu naambiwa nizime ruta niwashe tena. Nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea.

Nataka nisikie kwenu. Ndani ya ploti yenu (si mtaani, ndani ya ploti) mna kampuni ngapi? Mnalipa pesa ngapi? Na kuna aliyewahi kubadilisha hali?

Baba Pacha, Pipeline

Kwetu hakuna kampuni iliyoingia. Kuna kijana anayenunua laini moja kubwa, ameweka mitambo juu ya paa na kuteremsha waya hadi kila nyumba inayotaka. Nalipa 700 kwa mwezi. Jioni watu wakirudi kazini video haiendi, lakini ujumbe na masomo ya watoto yanapita. Na ikikatika nabisha mlango wake, anaishi ghorofa ya pili.

Shida ilikuja Aprili. Yeye na mwenye ploti walikosana kuhusu kodi ya paa, mitambo ikazimwa, tukakaa siku tisa bila chochote. Pacha wangu wako sekondari na walikuwa na kazi za kupakua. Bando nililonunua siku hizo tisa lilizidi malipo yangu ya mwezi mzima. Hakuna wa kumshtakia, sina hata risiti ya kuonyesha kwamba ni mteja.

Fundi wa Nyaya

Nimevuta fiba (nyaya za intaneti za kioo) Nairobi tangu 2016, acha nieleze ninachokiona kutoka juu ya ngazi.

Ndugu yangu wa Mwiki, hizo nyaya tatu kwenye nguzo zinapita tu. Nguzo nyingi ni za Kenya Power, kampuni ya umeme, na kampuni za intaneti hulipa kodi kuning'inia pale. Waya kupita mbele ya geti lako hauna maana mpaka kampuni iweke boksi karibu na ploti. Boksi la kawaida lina nafasi 8 au 16. Zikijaa, mpangaji wa 17 anaambiwa asubiri, na anaweza kusubiri miezi.

Kasi yako kushuka saa mbili usiku nayo ina sababu. Katika fiba nyingi za nyumbani laini moja hubeba takriban gigabiti 2.5 (megabiti 2,500) kwa sekunde, ikagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Hapo bado ni nyingi, megabiti 8 haziwezi kukosekana. Mara nyingi msongamano uko mbele zaidi, kwenye uwezo ambao kampuni yenyewe imenunua kwa ajili ya mtaa mzima. Kuongeza kunagharimu, na asiye na mshindani ndani ya ploti hana haraka.

Sasa upande wa mwenye ploti. Wengine kweli wamechoshwa na kuta kutobolewa, nimeona mafundi wakiacha jengo kama chujio. Lakini wako pia wanaopewa kitu na kampuni ya kwanza ili ya pili isiingie. Na hata mwenye ploti akikubali, kampuni ya pili hupiga hesabu: kama nyumba ni 20 na 15 tayari zina laini, haiji kuvuta waya kwa ajili ya watano. Dawa niliyoona ikifanya kazi ni moja. Kusanyeni majina ya wanaotaka kuhama, na nambari za nyumba, kisha muwape kampuni na mwenye ploti karatasi hiyo hiyo. Muahidini pia kwamba nyaya zitapitishwa kwenye bomba moja la plastiki kando ya ngazi. Hapo hoja ya ukuta inakwisha.

Mama Neema, South B

Fundi amesema kweli. Kooti yetu (nyumba zetu za ua mmoja) ilikuwa na kampuni moja kwa miaka minne, bei 3,500, kasi 10. Kampuni ya pili ilipoanza tu kuchimba mtaro, hata kabla haijaunganisha mtu, ile ya kwanza ilitutumia ujumbe kwamba tumepandishwa hadi 25 kwa bei ile ile. Nilifurahi, halafu nikakasirika. Uwezo ulikuwepo miaka yote hiyo. Mwanangu alikuwa akifanya masomo yake saa kumi alfajiri kwa sababu ndio saa pekee intaneti ilikuwa nyepesi.

Mkaazi wa Utawala

Mimi nilifikiria setilaiti. Starlink ilianza kuuza Kenya Julai 2023, lakini Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za karibu kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa, ikafungua tena Juni 2025. Nilipokuwa tayari kununua, mwenye nyumba akakataa sahani iwekwe juu ya paa, na sahani hiyo inataka kuona anga wazi. Dirisha langu linatazamana na jengo lingine. Kwa hivyo hata mbinguni kunapita kwa mwenye nyumba.

Mzee wa Buruburu

Wanangu, msikate tamaa, tumetoka mbali. Kabla ya 2009 nchi hii ilitegemea setilaiti, na kwenye saiba (maduka ya intaneti) mjini tulikuwa tukilipa kwa dakika huku tukitazama saa ukutani. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka huo, bei ilianza kushuka.

Ila nina neno. Nililipia kampuni mbili nikidhani nimejikinga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na kwangu zote mbili zikalegea siku moja. Ukichukua ya pili, waulize inapitia waya gani wa baharini.

Na msisahau kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa intaneti kutoka asilimia 20 hadi 15, na juu yake iko VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Kwa viwango hivyo, katika 2,500 za kijana wa Mwiki, kama 626 ni kodi. Tukidai bei nafuu, tusizungumzie kampuni pekee.

Mpangaji wa Mwiki

Asanteni sana, hasa fundi. Wiki hii nimepita mlango kwa mlango na daftari. Nyumba ni 20, nimepata majina 13. Wawili wamekataa kwa kuogopa kuonekana wachochezi, na mimi nawaelewa, kodi yao huchelewa. Kampuni ya ploti ya pili imesema ikiona 10 itatuma mtu kupima. Bomba la plastiki nimeuliza bei hapa Mwiki, tukichanga tunaweza kulinunua sisi wenyewe. Keateka ameweka jina lake pia, la 14, na Jumamosi atanipeleka kwa mwenye ploti nyumbani kwake. Nitawaletea jibu.