Naomba ushauri: nawezaje kugeuza yaliyonikuta kuwa makala ya jarida?

Habari zenu ndugu zangu. Nilimuuguza mama miaka 3 hadi alipofariki, na karibu kila usiku niliandika kwenye daftari. Sasa natamani kutoa makala ya jarida, maneno kama 1,200 hivi. Shida ni kwamba nikisimulia tangu siku ya kwanza ya ugonjwa, inakuwa shajara tu. Msomaji asiyemjua mama hana pa kushika. Nimewaza kuanzia usiku ule aliposahau jina langu (bado naukumbuka wote), mengine yafuate. Je, ndivyo? Na ndugu ninaowataja, niwaombe ruhusa, au kubadili majina kunatosha? Mhariri hutumiwa wazo kwanza au makala nzima? Mliowahi kuchapishwa, naombeni mnielekeze.