Wahudumu wa afya wa kujitolea kupitia sharika: nani awachague, na tuanze kufundisha nini?

DiakoniaVijijini aliuliza:

Shalom wapendwa. Sharika tatu zinaandaa mafunzo ya wahudumu wa afya wa kujitolea 24, kwenye vijiji ambavyo zahanati iko mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa miguu. Rasimu iliyopo ni semina ya siku 10 mfululizo, mada 18, kuanzia viungo vya mwili hadi kisukari. Majina yatateuliwa na wachungaji. Lengo kuu ni watoto chini ya miaka 5: kuhara, nimonia na utapiamlo. Naomba wanaoijua kazi hii waikosoe rasimu bila kuonea haya. Nani achague, mada zipi zibaki, na posho iweje?

Mwezeshaji_Jamii:

Mada 18 kwa siku 10 ni kutia maji kwenye pakacha. Bakizeni tatu mlizozitaja na dalili za hatari, basi. Kisukari kina siku yake.

Kuhusu uteuzi, mchungaji asiteue peke yake. Akiteua yeye, orodha hujaa wanakwaya na watoto wa wazee wa kanisa, na vijana ambao mwaka haujaisha wameshahamia mjini. Itisheni mkutano wa kijiji, kila kitongoji kitaje mtu wake, hata akiwa Mwislamu au wa dhehebu jingine. Sifa ya kwanza ni kwamba akina mama wanamfungulia mlango na siri zao hazimtoki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kuhusu wahudumu hawa unakataza kutumia hali ya ndoa kama kigezo, kwa hiyo kama mna sharti la "awe ameolewa", liondoeni.

Pigeni hesabu ya kaya kabla ya hesabu ya viti. Mtu anayetembea kwa miguu na ana shamba lake atafuatilia vizuri kaya 20 hadi 25. Watu 24 ni kaya zisizozidi 600. Kama vijiji vyenu vina kaya 1,500, chukueni vijiji vichache mvikamilishe.

Ratiba nayo ikateni. Siku tatu darasani kwa kuhara pekee, wiki mbili nyumbani wakifanya kazi hiyo hiyo moja, kisha warudi siku mbili kwa upumuaji, halafu utepe wa kupima mkono wa mtoto kwa utapiamlo. Anayerudi huja na maswali ya kweli, na hapo ndipo mtu hujifunza.

NesiZahanati:

Naongezea upande wa mikono, kwa sababu huko ndiko makosa yanakoua.

Maji ya chumvi na sukari: pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa dukani au zahanati, wa kuchanganya na maji) ndiyo ya kwanza, na isomwe imeandikwa ni ya maji kiasi gani, maana si zote ni za lita 1. Pakiti ikikosekana, ni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko hivyo vyote ni vya kusawazisha. Mpe mshiriki kijiko na bakuli la sukari umtazame: atachota kilima. Mfundishe kupitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko. Sukari ikizidi, maji huvutwa kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo na kuhara kunaongezeka. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kupata degedege. Kosa jingine ni chombo. Chupa tatu za soda za mililita 300 si lita, zinapungua mililita 100. Kila mhudumu atafute nyumbani kwa mama chombo ambacho mama huyo anakitumia, akipime, aweke alama ya msumari kwenye usawa wa lita 1.

Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subirini dakika 10 kisha mwendelee polepole kwa kijiko. Yaliyolala saa 24 yamwagwe. Pamoja nayo apewe zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Hapa akina mama wengi huacha siku ya tatu kwa kuwa kuhara kumekoma, kwa hiyo mhudumu apite tena siku ya tano ahesabu vidonge vilivyobaki.

Kuhesabu pumzi: mtoto awe ametulia, hanyonyi wala halii, nguo imefunuliwa tumbo lionekane. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Wapo wanaohesabu mbili na kila mtoto anaonekana ana nimonia. Hesabuni dakika nzima. Ile njia ya sekunde 15 mara nne huzidisha kosa mara nne. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 akiugua apelekwe tu, msikae kuhesabu. Vilevile yeyote ambaye sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa.

Utepe wa mkono ni wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Kiwiko kikunjwe wakati wa kutafuta katikati, kisha mkono unyooshwe na kulegezwa wakati wa kupima. Chini ya sentimita 11.5, sehemu nyekundu ya utepe, ni utapiamlo mkali; 11.5 hadi chini ya 12.5, sehemu ya njano, ni wa wastani; kijani ni salama. Wengi hukaza utepe hadi ngozi inajikunja, na mtoto mwenye afya anaangukia kwenye nyekundu. Halafu bonyezeni miguu yote miwili kwa dole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki kwenye yote miwili, apelekwe hata kama utepe unasoma kijani.

DiakoniaVijijini:

Asante sana, nesi. Hilo la alama ya msumari linaingia kwenye rasimu leo. Swali moja zaidi: baadhi ya wazee wanataka kila ziara ya nyumbani ianze na maombi, na daftari liwe na safu ya dhehebu. Mnasemaje?

KatibuKamatiAfya:

Safu ya dhehebu iondoeni. Jirani asiyesali kwenu akiiona, ataamini dawa ina masharti, na mtoto wake mtamkuta akiwa amechelewa. Mwenye kutaka kuombewa aombewe, ila kwa mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea hazinduki, safari inaanza mara moja na maombi yafanyike njiani. Neno hili lisemwe na mchungaji mwenyewe, mbele ya washiriki wote, siku ya kwanza. Likisemwa na nesi halina uzito ule.

Makanisa yana urithi mzuri hapa. Tume ya Kikristo ya Tiba, iliyoanzishwa 1968 chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, iliona kwamba hospitali za misheni ziliwahudumia zaidi waliokaa karibu nazo, ikageukia afya ya vijijini. Mawazo yake yalichangia Azimio la Alma-Ata la 1978.

Posho: mwongozo ule wa 2018 unasema walipwe kulingana na kazi, na wawe na makubaliano ya maandishi. Kama hakuna fedha, punguzeni kazi badala ya kuwabebesha. Saa tatu au nne kwa wiki, si zaidi. Msilipe kwa idadi ya ziara, daftari litajaa ziara ambazo hazikufanyika.

Kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo, kaeni na mganga mfawidhi wa zahanati mkubaliane fomu ya rufaa yenye vipande viwili: kimoja kinabaki zahanati, kingine kinarudi na mzazi kikiwa na neno la nesi. Mhudumu anayetuma watoto watatu na asisikie lolote, wa nne hamtumi. Na awe na mtu wa kumtembelea kila mwezi, anayeongozana naye hadi kaya mbili, anakaa pembeni na kumtazama akihesabu pumzi, bila kuanza na daftari.