Uliwahi kumsikilizisha mwanamuziki wimbo wa panki au indi? Tupeane uzoefu

Kaseti ya Ilala
Wakuu, heshima kwenu. Kwa wageni: panki ni rock fupi, ya kasi na kelele; indi ni ya bendi zinazojitolea nyimbo zenyewe bila kampuni kubwa. Jana nilipita ukumbi mmoja Sinza kabla bendi haijaanza. Kijana wa gitaa la ridhimu alikuwa anapima sauti kwa kukwangua nyuzi kuelekea chini tu, chini, chini, bila kurudisha mkono juu. Nikajua huyu kamsikiliza Johnny Ramone, yule wa gitaa wa Ramones, bendi ya panki ya New York. Nilipomuuliza akaniambia kuna shabiki wao alimletea flashi imejaa panki. Yaani shabiki ndiye aliyemfundisha mpigaji! Nimelala na furaha.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa gitaa, mtu wa dansi la zamani. Nilimpelekea albamu ya kwanza ya Ramones, ile ya 1976, nyimbo 14 na nusu saa haitimii. Nilidhani atanifukuza. Alisikiliza mbili, akavua hedifoni, akachukua gitaa lake akajaribu kupiga chini tu kwa kasi ile ile. Kabla wimbo haujafika nusu, kifundo cha mkono kilikuwa kimekakamaa na jasho linamtoka. Akasema, "Wanaosema hawa hawajui kupiga, wapewe gitaa wajaribu."

Haya, mlimpelekea nani, wimbo gani, akasemaje? Na wapigaji mliomo humu, semeni mlicholetewa na mashabiki.

Binti Likoni
Mie nilimpelekea khalati yangu, ameimba taarab kwenye maharusi hapa Mombasa miaka na miaka. Nikamwekea "Oh Bondage Up Yours!" ya X-Ray Spex, ya 1977. Mwimbaji wao alijiita Poly Styrene, babake Msomali, mamake mzungu wa Uingereza, na meno kayafunga vyuma. Aanza kwa kusema taratibu kama mtoto mpole, halafu apiga ukelele nyumba nzima yatikisika. Khalati kwanza akanuna. Mara likaingia saksafoni, naye akakaa kitako: "Hilo zumari lapuliziwa na nani?" Nikamwambia ni msichana mdogo, hata miaka ishirini hajafika. Akataka nirudishe mwanzo.

Halafu akanambia neno ambalo sijalisikia kwa mtu yeyote anayeandika juu ya panki. Asema yule binti haimbi ovyo, apasua sauti pale pale kila akifika kwenye kiitikio, na asiyejua kuimba hawezi kupasua sauti mahali pamoja kila mara.

Mtoto wa Tanga
Khalati ana sikio. Mpe salamu zangu.

Solo wa Bukavu
Mimi ni mpigaji, niko Nairobi, bendi yetu inapiga mahotelini. Shabiki mmoja alinifuata wakati wa mapumziko, akanisikilizisha Vampire Weekend, vijana wa New York, wimbo wa 2008 unaitwa "Cape Cod Kwassa Kwassa". Kwasakwasa! Ngoma ambayo Kanda Bongo Man aliizungusha dunia nzima mimi ningali mtoto. Nikasikiliza kwa makini kabisa. Gitaa ni safi, halina uchafu, kijana ana vidole. Lakini sebene iko wapi? Dakika tatu na kitu wimbo umekwisha, na sisi hapo ndipo tunaanza kupasha moto. Nilimwambia yule shabiki asante, kisha nikampigia ule wimbo nikaufungulia sebene. Watu wakaacha sahani zao.

Mwana wa Chuma
Huo ni wizi tu. Wanachota kwetu, wanauza kwao, mpigaji wa Kinshasa hapati hata nauli. Na kwanza hiyo siyo panki. Indi pop ni nyimbo za vijana wa chuo wanaolilia mapenzi. Mleta mada umechanganya madawa.

Benga Damu
Mwana wa Chuma, kabla hujamaliza kuhukumu, sikiliza Extra Golden. Wajaluo na Waamerika wa indi rock kwenye bendi moja, benga na gitaa zao pamoja, wote ni wanabendi. Albamu ya kwanza, "Ok-Oyot System", ilitoka 2006, na mwimbaji wao Otieno Jagwasi alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, hakuishika mkononi. Walipotakiwa kwenda kupiga Chicago viza zikasumbua, ofisi ya seneta Obama ikawasaidia, wakamtungia wimbo wa shukrani. Huo nilimpelekea mjomba wangu, mpigaji wa benga kule Kisumu. Alisikiliza besi peke yake, wimbo mzima, kichwa kimeinama. Akasema, "Hawa wamekuja kujifunza." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kaseti ya Ilala
Mwana wa Chuma, madawa hayajachanganywa, ni chupa moja. Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, walikopa pesa, wakarekodi nyimbo nne, Januari 1977 wakatoa santuri yao wenyewe kwa lebo yao wenyewe, nakala elfu moja za kwanza, bila kumpigia magoti tajiri yeyote. Indi ilipata njia pale. Hao unaowaita vijana wa kulilia mapenzi ni watoto wa panki walioamua kuimba kwa sauti ya chini.

Mwana wa Chuma
Mtoto anaweza asifanane na baba.

Drams wa Mbagala
Mmenichokonoa. Nilikuwa napita tu.

Bendi yetu ilikuwa ya maharusi. Kuna jamaa wa gitaa, mdogo kwetu wote, mtulivu, ambaye nilikuwa nampa nyimbo. Nilimpa Ramones, nikampa Bad Brains, wale weusi wa Washington walioanza na jazi kabla ya kugeukia panki. Ile "Pay to Cum" yao ni dakika moja na nusu, kasi mpaka unadhani kanda inakimbizwa. Jamaa alikuwa anakuja kwangu usiku tunapiga hizo, mimi nimefunga drams kwa kanga ili majirani wasilalamike.

Sasa kuna harusi moja, kamati ya watu wazito, ukumbi umepambwa. Wametupa nusu, nusu tumalizie usiku. Tumepiga zouk, tumepiga rumba, keki imekatwa, chakula kimechelewa. MC anatupungia mkono tuendelee, tuendelee, na ratiba ya nyimbo imeisha. Yule mdogo wetu wa gitaa akanigeukia, akaniangalia. Nikamjua anataka nini. Nikahesabu kwa fimbo: moja, mbili, tatu, nne.

"Blitzkrieg Bop" ya Ramones. Wakuu, sijawahi kupiga vile tena. Vijana wa upande wa bwana harusi waliacha viti, wakarukaruka mbele yetu na suti zao, dada mmoja wa kamati kavua viatu kashika mkononi. Bwana harusi mwenyewe kasimama! Halafu mjomba wa bibi harusi akapita katikati ya watu mpaka ukutani, akang'oa waya wa umeme. Spika zikapiga kishindo, moja ikatoa moshi. Kimya. Bibi mmoja analia anasema tumeleta mashetani kwenye harusi ya mjukuu wake.

Nusu iliyobaki hatukupewa. Mwenye vyombo, tuliyekuwa tumemkodi, akashika gitaa la yule mdogo wetu mpaka spika ilipwe. Tumetoka nje saa nane usiku, hakuna gari, tumebeba ngoma kichwani. Kiongozi wa bendi hakunisemesha njia nzima. Yule kijana anatembea nyuma, mikono mitupu, na hiyo ndiyo ilinichoma kuliko pesa. Asubuhi bendi ikavunjika.

Ila sijutii ule wimbo. Walikuwa wanacheza watu wa pande zote mbili.

Mtoto wa Tanga
Nimesoma nimesimama. Gitaa lilirudi?

Binti Likoni
Pole sana kaka yangu. Mjomba huyo kila ukoo anaye.

Mhasibu wa Bendi
Mkataba, mkataba, mkataba. Harusi unalipwa yote kabla keki haijakatwa. Na wimbo usio kwenye orodha ya kamati haupigwi hata bwana harusi akiomba.

Solo wa Bukavu
Hapana. Ukipiga vya orodha tu, nunua redio uwapelekee. Cha kufanya ni kuuingiza polepole: anza na rumba, ongeza mwendo, badilisha mkono wa ridhimu. Mjomba atajikuta yuko ndani ya panki anacheza na hajui ameingia saa ngapi.

Mama Spika
Mimi nakodisha vyombo. Waya wa umeme usiuweke ukutani pasipo mtu. Weka kijana wako akae juu yake kama ni kiti. Na gitaa la mtu halishikwi dhamana, ni kama kushika jembe la mkulima.

Mwana wa Chuma
Hapo kwenye jembe tuko pamoja. Lakini mbona mnakimbilia New York? Panki yetu ni mchiriku. Vinanda vidogo vya Casio vimefungwa kwa gundi na plasta, maiki inapita kwenye spika ya honi, sauti inakwaruza, watu wanaimba shida zao uswahilini usiku kucha. Jagwa Music wamepiga mpaka Ulaya kwa vinanda hivyo hivyo. Nani alimpelekea Ramone kaseti ya mchiriku?

Kaseti ya Ilala
Hili nakuunga mkono asilimia mia. Kuna mtu alipaswa kumpelekea.

Kijana wa Manzese
Singeli mmeisahau. Kwa kasi, Bad Brains watapumzika njiani.

Jirani wa Ngara
Nairobi panki iko, wapendwa. Crystal Axis, vijana wa hapa hapa. Wana wimbo "Leopold" wa kumkabili yule mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo shamba lake kuanzia 1885, na mwingine wanauita "Nyayo House", lile jengo ambalo watu waliteswa kwenye vyumba vya chini. Huo wa pili nilimwekea mzee mmoja wa kwaya yetu anayepiga kinanda. Akauliza jina la wimbo, nikamwambia. Akafunga kinanda, akaniambia mambo ya miaka ile ambayo hajawahi kuyasema kanisani. Siyaandiki hapa, ni yake.

Solo wa Bukavu
"Leopold" naujua. Nilimtumia baba. Alinijibu neno moja: "Endeleeni."

Watatu wa Morogoro
Sisi ni ndugu watatu, tunapiga kanisani. Aliyewahi kuisikia bendi ya Death ya Detroit atuelezee vizuri, nasikia nao walikuwa ndugu watatu.

Kaseti ya Ilala
Ndugu wa ukoo wa Hackney, weusi, walirekodi 1975 kabla Ramones hawajatoa albamu. Waliambiwa wabadilishe jina la bendi ndipo wapewe mkataba, David akakataa. Kazi ikakaa mpaka 2009 ndipo ikatoka. David alikuwa ameshafariki tangu 2000. Anzeni na "Politicians in My Eyes", mkisikilize besi na drams zinavyofukuzana.

Drams wa Mbagala
Mtoto wa Tanga, gitaa lilirudi. Bwana harusi alilikomboa mwenyewe alipotoka fungate, akaomba tumfundishe kordi tatu.

Watatu wa Morogoro
Asante mkuu. Jumamosi kuna mazoezi, flashi ya GB nane itatosha?