Paroko kahamishwa, tukiuliza bati zetu tunaitwa waasi

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Wasio Wakatoliki mtanivumilia, nina hasira. Niko Nyanda za Juu Kusini huku kwenye viazi na baridi, parokia sitaji wala jimbo.

Wiki tatu zilizopita, Misa ya pili, baada ya komunyo, paroko alikunja karatasi ya matangazo mara mbili, akaitia mfukoni, ndipo akatuambia: kapangiwa kazi kwingine, Alhamisi anakabidhi. Siku nne! Miaka sita kakaa nasi. Kanisa kimya, kisha mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) nyuma yangu akasema kwa sauti, "Na bati?"

Hiyo "na bati?", yaani bati za paa la kanisa tulizochangia, ndiyo imenileta hapa.

Uhamisho siupingi. Padri aliahidi utii kwa askofu siku ya upadrisho, na kanuni ya 1748 ya Sheria za Kanisa inamruhusu askofu kumwomba paroko ahame, hata kama anafanya kazi vizuri, mahitaji ya Kanisa yakidai hivyo. Vijana waliotaka kupiga kufuli geti siku ya makabidhiano niliwaambia usoni kwamba huo ni ujinga. Na hawa wanaomfuata na bodaboda kila Jumapili huko alikopelekwa, huku zaka ya jumuiya hawajatoa, sijui wanamfuata Kristo au wanamfuata fulani.

Lakini paa ni letu. Kila kaya ilipangiwa elfu thelathini au gunia la viazi. Kuna babu mmoja wa kigangoni, mgane, alileta gunia lake kwenye baiskeli, kilima chote anasukuma kwa mguu. Kitabu cha risiti kilikuwa kimeisha, basi mhasibu akamwandikia kwenye daftari la shule, akachana kipande akampa. Kile kipande babu anakitunza ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Leo tunaambiwa daftari "halikukabidhiwa".

Paroko mpya anasema yeye anaanza upya, ya zamani tumuulize aliyeondoka. Aliyeondoka hapokei simu. Na Jumapili iliyopita katangaza mchango mwingine, wa uzio wa nyumba ya mapadri! Kenchi zinanyeshewa tangu masika, mbao zimeanza kupinda, yeye anataka uzio.

Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Yetu ipo, kwenye ubao wa matangazo. Mwenyekiti wa halmashauri ya walei (sisi waumini tusio mapadri wala watawa) nilipomuuliza akaniambia nashindana na Roho Mtakatifu. Mimi! Nimebatizwa hapo, nimefunga ndoa hapo, mama yangu tumemzika kutoka hapo. Kanuni ya 212 inampa mlei haki ya kuwaeleza wachungaji wake maoni yake kwa heshima, tena inasema wakati mwingine ni wajibu. Heshima tumeweka. Tumeandika barua jimboni, jumuiya tisa zimesaini. Jibu limekuja kwa simu, neno moja: tulieni.

Sasa wanaojua, hasa mliowahi kukaa kwenye halmashauri: makabidhiano ya paroko kwa paroko yanasainiwa na nani? Hati inabaki wapi, na mlei akiomba kuiona anaanzia kwa nani? Jumatano kuna kikao, sitaki kuingia na mdomo mtupu. Babu kasema na yeye atakuja, na kitabu chake cha nyimbo.