SEP (daraja la kurusha ndege za injini moja ya pistoni) inaisha Oktoba: saa 14 za kuruka zinatosha au lazima mtihani?

Mwewe_172: Wakuu, salaam. Nina PPL(A), leseni ya rubani binafsi wa ndege, ya Ujerumani, kanuni za EASA (wakala wa usalama wa anga wa Ulaya), naruka Cessna 172. SEP inaisha 31 Oktoba 2026. Tangu ilipoanza 2024 nina saa 14, nimetua mara 20. Naweza kuongezewa miaka 2 bila mtihani? Kuna anayenishauri nihamie LAPL, leseni nyepesi ya ndege ndogo, eti haina usumbufu wa tarehe.

Fundi_wa_Mawingu: Ndugu, saa 14 peke yake hazisemi kitu. Zilirukwa lini? Kifungu FCL.740.A cha kanuni hizo za EASA kinahesabu miezi 12 ya mwisho tu, kwako 1 Novemba 2025 hadi 31 Oktoba 2026. Humo uwe na saa 12, kati yake 6 ukiwa rubani kiongozi, upae mara 12 na utue mara 12, tena uruke jumla ya saa 1 na mkufunzi. Saa hiyo ya mkufunzi inaingia kwenye zile 12, lakini haiingii kwenye 6 za rubani kiongozi. Wengi hukwama hapa: mwaka wa kwanza wameruka sana, wa pili ndege haikuguswa.

Bi_Upepo: Niongeze suala la sahihi ya kuongeza muda. Nyuma ya leseni kuna safu za kujazwa kwa kalamu: daraja, tarehe, mwisho wa kutumika, namba ya cheti cha anayesaini. Mkufunzi anaruhusiwa kuandika tarehe mpya pale tu mamlaka imempa idhini hiyo mahususi. Wengine hawana, kwa hiyo muulize kabla hamjawasha injini. Kama hana, mpelekee mtahini leseni na daftari la safari.

Ukiona saa hazitafika, fanya mtihani wa ustadi kuanzia 1 Agosti. Ndani ya miezi 3 ya mwisho, muda mpya unaanzia 31 Oktoba, hupotezi hata siku. Ila usingoje wiki ya mwisho. Mawingu ya Oktoba yakishuka hakuna wa kukupandisha. Tarehe ikipita masharti hayajatimia, utapimwa kwanza kama unahitaji mafunzo, halafu mtihani ni lazima.

Fundi_wa_Mawingu: Kuhusu LAPL, tarehe haijaandikwa lakini hesabu ipo. Kila unapotaka kuruka, rudi nyuma miezi 24: saa 12, kupaa na kutua 12, saa 1 na mkufunzi. Kwa anayeruka kidogo kidogo ni nafuu kweli. Lakini unabanwa kwenye ndege za hadi kilo 2,000 na abiria 3, na haifikii kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Ukitamani siku moja kuomba kibali cha kuruka Wilson au Arusha, shikilia PPL.

Mwewe_172: Nimefungua daftari. Tangu 1 Novemba: saa 9, kiongozi zote, kutua 10.

Bi_Upepo: Basi zimebaki saa 3 na kutua mara 2. Saa 1 kati ya hizo iwe na mkufunzi mwenye idhini ya kusaini. Na ukitaka kubeba abiria, hakikisha umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Sharti hilo ni la peke yake.