Tupeane uzoefu: mliohama bila kazi mkononi, kazi ya kwanza mliipataje?

Mleta mada (Malindi, sasa Brescia, Italia)

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba tukusanye hapa visa vya kweli vya watu waliotoka Malindi, Lamu na vijiji vya jirani wakaenda kuishi nchi nyingine pasipo mwajiri aliyekuwa akiwangoja. Vijana wengi wanaoniandikia wamesimuliwa siku ya kuondoka, na wamesimuliwa nyumba iliyojengwa baada ya miaka kumi, lakini ile miezi ya katikati, ambayo mtu anatembea na vyeti vyake katika mji usiojua yeye ni mtoto wa nani, hakuna anayewasimulia. Kila mchangiaji aeleze alikwenda kwa kibali gani, alifikia kwa nani, na kazi ya kwanza ilitoka wapi. Mshahara si lazima kuutaja.

Naanza mimi. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Casuarina. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na maonyo ya usafiri ya wakati ule, wageni walipungua pwani yetu yote na hoteli yetu ikafungwa. Mume wangu alikuwa tayari Italia kwa kibali cha kazi, nami nikamfuata kwa viza ya kuungana na familia. Viza hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa maana kibali cha kuishi kinachotokana nayo kinamruhusu mtu kuajiriwa, na unapaswa kuanza kukishughulikia ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie nchini. Ukishapeleka maombi posta unapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi ile, pamoja na namba ya kodi wanayoiita codice fiscale, nilianza kutafuta kazi bila kungoja kadi yenyewe, ambayo ilichelewa sana.

Nilidhani Kiitaliano changu kingenitosha. Sisi wa Malindi tumekua na Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti pale Ngomeni, na baadaye wakaja wenye mahoteli na majumba. Lakini Kiitaliano nilichokijua kilikuwa cha kumpokea mgeni na kumwelekeza, na hakikunisaidia kusoma mkataba wala kuandika barua. Nilijiandikisha katika shule ya umma ya watu wazima, CPIA, ambayo karibu ni ya bure, nikasoma jioni mpaka nikapata cheti cha shule ya kati cha kwao. Diploma yangu ya hoteli ilikuwa bado ubalozini ikingoja kuthibitishwa.

Kazi ya kwanza niliipata kupitia ofisi ya Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, ya parokia ya mtaani kwetu, ambako familia zenye wazee huenda kuuliza mtu wa kuwatunza. Mimi ni Mwislamu na ninavaa mtandio, na yule mama aliyeandika jina langu hakuniuliza zaidi ya kama ninaweza kumwinua mtu kitandani na kama ninajua kupika. Nikapelekwa kwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Nilisisitiza mkataba uandikishwe katika shirika la hifadhi ya jamii, INPS, ingawa niliambiwa na wenzangu kwamba nitaonekana msumbufu. Mkataba ule ndio niliouonyesha nilipoomba nafasi katika kozi ya OSS, ya wasaidizi wa huduma za afya, ambayo kwa sheria ya kule haipungui saa 1,000. Leo nimeajiriwa katika makao ya wazee. Karibuni.

Mchangiaji kutoka Langoni, Lamu (sasa Maskati)

Wa aleikum salaam, dada yetu, na ahsante kwa kulifungua jambo hili. Mimi ni fundi wa milango ya nakshi, kazi niliyofunzwa na ami yangu. Nilikwenda Oman kwa viza ya matembezi, nikafikia kwa shangazi yangu, ambaye mumewe ni wa zile familia zilizotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964. Nyumba ile Kiswahili kutwa, chakula chetu, hata sala ya Ijumaa watu wanasalimiana kwa Kiswahili nje ya msikiti. Jambo hilo ni neema kubwa, lakini nasema kwa moyo safi kwamba lilinichelewesha, kwa sababu Kiarabu changu kilibaki kile cha chuoni, cha kusomea Kurani, kwa muda mrefu, na wenye karakana za Wadi Kabir, eneo la viwanda la Maskati, hawazungumzi Kiarabu cha chuoni. Huko utasikia Kihindi, Kiurdu na Kibangla kuliko Kiarabu chenyewe.

Mwenye karakana aliyenipenda aliziangalia picha za kazi zangu, akanipa kipande cha msaji nimwonyeshe mkono. Alipokiona akaniambia waziwazi kwamba ananitaka, ila hatanipa kazi hata ya siku moja nikiwa na viza ya matembezi, kwa sababu faini ingemwangukia yeye. Alinitaka nirudi nyumbani aombe ruhusa ya kuniajiri. Wapo ndugu walionishauri nibaki nifanye kazi kwa siri huku mambo yakisubiri. Nilirudi Lamu. Nilingoja kwa muda uliokuwa mzito kwangu na kwa mke wangu, watu wakaanza kuuliza barazani kama nimefukuzwa, lakini viza ya kazi ilikuja, nikapimwa afya, nikaingia kwa mlango wa haki na nikapewa bataka yangu, yaani kitambulisho cha mkazi.

Naongeza jambo moja kuhusu kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mgeni. Zamani, mtu akimaliza mkataba hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine pasipo barua ya ridhaa ya yule wa kwanza. Oman iliondoa sharti hilo tangu Januari 2021 kwa aliyekamilisha mkataba wake. Mimi nilihama kwa kanuni hiyo, na nilihama kwa heri, nikiwa nimemuaga mwajiri wangu wa kwanza kama inavyotakiwa.

Mchangiaji kutoka Watamu (aliwahi kuishi Dubai)

Nitasema kwa ufupi. Wakala mmoja alichukua fedha za mama yangu akanipa viza ya matembezi ya Dubai, akasema itabadilishwa nikifika. Hakuna aliyenipokea. Tulipanga vitanda katika chumba kimoja mtaa wa Deira, wasichana kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na mkoba wake wa vyeti, na kila asubuhi tulizunguka hotelini kuacha wasifu. Mtu akipitisha muda wa viza anatozwa dirhamu 50 kwa kila siku, na wenzangu wawili walifungika hapo, kwa kuwa deni lilikua kuliko nauli ya kurudi.

Mimi nilipata kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli kabla muda haujaisha. Niliyekutana naye ofisini aliniambia kwamba gharama za kibali ni za mwajiri, na kweli sheria ya kule inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Kwa hiyo ile fedha ya mama yangu ililipia viza ya matembezi na tiketi tu, kwa bei ambayo ningeweza kuishi nayo miezi kadhaa. Dada zangu, siku hizi Imarati wanayo viza halali ya mtafuta kazi, ya siku 60, 90 au 120, lakini inataka shahada na ngazi fulani ya ujuzi. Asiyekuwa na shahada ambaye wakala anamwambia atabadilishiwa viza akifika, aombe kuuona mkataba wenye jina la mwajiri kabla hajatoa shilingi. Orodha ya mawakala wenye leseni iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya, na kuiangalia ni bure.

Mchangiaji kutoka Malindi (sasa Minnesota, Marekani)

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, na niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, ile ambayo kujiandikisha kwake hakukuwa na malipo na iliyokuwa ikitoa viza hadi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Waliokuwa wakiingia kwa njia hiyo hawakulazimika kuwa na kazi, na viza yenyewe ikishapigwa muhuri uwanja wa ndege inatumika kama uthibitisho wa ukazi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo kisheria nilikuwa huru kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Uhuru huo haukunipa kazi. Ilinibidi nipate namba ya hifadhi ya jamii, kisha leseni ya udereva, kwa maana mahali nilipofikia, kwa familia moja ya Kilifi, basi lilipita mara chache na viwanda viko mbali. Nilianza na ghala la kupakia mizigo kupitia kampuni ya vibarua, zamu ya usiku, nikiomba lifti kwa Msomali mmoja wa Kismayu aliyenizoea kwa sababu ya Kiswahili.

Jambo lililonigharimu muda lilikuwa wasifu wangu. Niliuandika kwa mtindo wetu: tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho, picha, na shule tangu ya msingi. Mkutubi wa maktaba ya mtaa, ambako wanasaidia watafuta kazi bila malipo, aliniketisha akafuta karibu yote hayo. Kule mwajiri hataki kuyaona, kwa sababu yanamtia katika hatari ya kushtakiwa kwa ubaguzi. Badala yake tuliandika nilichofanya: wanafunzi wangapi nilifundisha, ni nani aliyekuwa chini yangu nilipokuwa mkuu wa idara, nilisimamia mitihani gani. Wasifu ukawa ukurasa mmoja, na simu zikaanza kuja.

Jambo la pili ni wadhamini. Mwajiri wa Marekani anapiga simu kweli. Wakati wa kazi kule ni usiku Kenya, na mwalimu mkuu wangu wa zamani alikubali kupokea simu usiku wa manane, akanieleza kwa Kiingereza kizuri kuliko ninavyojieleza mwenyewe. Kabla ya kuondoka nendeni mkawaage mabosi wenu kwa heshima, mchukue barua zao, na mwaombe ruhusa ya kutoa namba zao.

Baada ya ghala nilisomea usaidizi wa wauguzi, CNA. Sheria ya taifa inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na makao ya wazee yaliyoniajiri yalirudisha ada niliyolipa. Wengi wetu kutoka Kenya tumepita hapo. Najua wapo walimu na wahasibu wanaoiona kazi ya kumwogesha mzee kuwa ni kushuka, na sikubaliani nao hata kidogo. Nimefundishwa na wale wazee namna nchi ile inavyozungumza na inavyofikiri, na mtoto wa mmoja wao, mwalimu, ndiye aliyenieleza kwamba shule za wilaya yao zinatafuta wasaidizi wa darasani. Shahada yangu nilikuwa nimeipeleka kutathminiwa. Sasa niko darasani tena, kama msaidizi, nikisomea leseni ya ualimu.

Mchangiaji kutoka Lamu (sasa Hamburg, Ujerumani)

Mimi ni mpishi. Nimekwenda kwa ile kadi iitwayo Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024, ambayo inampa mtu mwenye mafunzo yanayotambuliwa na nchi yake hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa Ujerumani kwenyewe. Unahesabiwa pointi, na unatakiwa kuonyesha akiba ya zaidi ya yuro 1,000 kwa kila mwezi utakaokaa. Hilo ndilo linalowazuia wengi, na mimi nilisaidiwa na ndugu waliouza boti. Ukiwa na kadi unaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, na majaribio ya kazi ya hadi wiki mbili kwa kila mwajiri. Majaribio hayo ndiyo yaliyonifaa, kwa kuwa mpishi anaajiriwa kwa mkono wake. Kijerumani nilikisoma Kenya, na nawasihi msiende na salamu pekee.

Muulizaji kutoka Shela, Lamu

Shikamooni wakubwa zangu. Nina diploma ya mapishi na huduma za hoteli, na mjomba wangu yuko Maskati, anasema nije tu kwa matembezi, kazi zipo. Nyumbani wanataka niondoke kabla ya Ramadhani. Nifanyeje?

Mchangiaji kutoka Langoni, Lamu (sasa Maskati)

Marahaba, binti yangu. Mjomba wako anakutakia heri, na ukija kumtembelea hakuna ubaya, mradi uwe na tiketi ya kurudi na ujue kwamba katika muda huo utaonana na waajiri tu, hutaajiriwa. Ramadhani ni wakati mbaya wa kutafuta kazi huku: saa za kazi zinapunguzwa, wenye maamuzi wanaondoka mapema, na ikifika Idi ofisi zinafungwa. Waeleze wazazi wako hivyo, kwa heshima, useme nimekuomba mimi. Wakati huo utumie kuthibitisha diploma yako wizarani Nairobi na kisha ubalozini, kupata cheti cha tabia njema, na kupiga picha za vyakula unavyopika na meza unazopanga. Mwambie mjomba wako anitafute msikitini baada ya sala ya Ijumaa; nitamwonyesha hoteli mbili ambazo najua zinaajiri kwa viza halali, naye awapelekee karatasi zako kwa mkono.

Mleta mada

Ahsante, kaka. Binti wa Shela, ukishapata jibu la hoteli hizo, nitumie mkataba kabla hujautia saini, nasi tutausoma pamoja, mstari kwa mstari, hasa palipoandikwa saa za kazi, malazi, na nani analipa tiketi ya kurudi. Wengine mlioko Qatar, Saudia na Uingereza bado tunawangoja.