Kishika-rodi kimelegea na kayaki inaingia maji, nifunge kwa kitu gani?

Kafi_Kavu
Salaam wana bahari. Kayaki ni ya plastiki, ya kukaa juu, mita 3.6. Kishika-rodi (cha kusimamishia fimbo ya kuvulia) cha nyuma ya kiti kimefungwa kwa skrubu nne za kujichimbia. Mbili zazunguka bure na vichwa vimeota kutu. Kila nikitoka maji ya Nyali, Mombasa, nafungua kizibo na kumwaga kama lita 2. Silikoni ya madirisha nimepaka mara mbili, yabanduka kama ngozi ya nyoka. Mkono wafika kwa ndani kupitia kifuniko cha nyuma, ila kwa taabu. Skrubu za stenlesi (chuma cha pua) za duka la vifaa vya ujenzi zatosha, ama nipige riveti? Na kamba ya kuhamisha nanga toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) huwekwa vipi?

FundiTudor
Silikoni usiilaumu. Bodi ni polietilini, na karibu hakuna gundi inayoshika polietilini. Kinachozuia maji pale ni mbano: kitu laini kikae kati ya kitako cha kishika-rodi na bodi, bolti ikibane. Kishika-rodi kikicheza, hata ukizibe kwa lami, maji yatapita.

Skrubu zitoe zote nne, hata zile mbili zinazoshika. Bodi ina unene wa milimita 5 hivi, kwa hiyo skrubu yauma nyuzi mbili tatu tu. Rodi nayo ni wenzo mrefu. Samaki akivuta nchani, nguvu yote yaishia kwenye hizo nyuzi na zinasagika.

Weka bolti za M6. Kwa ndani tia ubao: ule wa plastiki wa kukatia mboga wafaa sana, wa milimita 8 hadi 10, uzidi kitako sentimita 3 kila upande. Kwa vile mkono wako wafika kwa taabu, ukate vipande viwili, kila kimoja bolti mbili. Pitisha mshipi kwenye tundu la juu, uutoe kwenye kifuniko, ufunge ubao, kisha uvute polepole hadi ukae mahali pake. Chini yake weka washa (kipete bapa cha chuma) pana na nati yenye nailoni.

Tundu za skrubu zipanue kwa biti ya 6.5, drili ikienda polepole, maana ikikimbia plastiki yayeyuka na tundu halitoki duara. Chenga za plastiki zitoe zote, zikibaki ndani huenda kukaa kwenye kizibo.

Mpira wa kubana: tyubu kuukuu ya bodaboda. Tyubu nyingi ni mpira wa butili, haupitishi maji. Kata umbo la kitako, toboa, weka kavu bila gundi. Kaza kwa spana ya mkono hadi mpira uanze kuchungulia pembeni, halafu acha. Baada ya siku tatu kaza tena kidogo, kwani polietilini ikibanwa hulegea yenyewe, na juani ndiyo zaidi.

Maji_Mafu
Kuhusu stenlesi, soma kichwa cha bolti. A2 ni ile ya 304: kwa bahari hii itatoa madoa ya kutu, kisha vishimo. Tafuta A4, yaani 316, ina molibdeni inayostahimili chumvi. Sumaku isikudanganye, haiwezi kuzitenganisha hizo mbili, na bolti isiyo na alama yoyote usiifunge. Stenlesi kwa stenlesi nayo hung'ang'aniana ikikazwa kwa drili, mpaka ukate. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi, lakini isiguse mpira wa tyubu.

Kamba_Nne
Riveti si mbaya pale mkono usipofika. Lakini iwe ile inayopasuka ndani na kufungua mbawa tatu, ya milimita 4.8, tundu la 5. Riveti ya kawaida ya mabati hutanua kidogo tu na kuchana plastiki, na msumari wake wa katikati mara nyingi ni chuma, unabaki ndani ukiota kutu. Tena usiweke washa ya stenlesi juu ya riveti ya aluminiamu. Kwenye maji ya chumvi aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kwa kishika-rodi mimi bado nasema bolti.

Kafi_Kavu
Shukran sana. Na nanga?

FundiTudor
Kapi mbili ndogo, moja omo moja tezi, kila moja ishikwe kwa kipande kifupi cha kamba ya mpira ili mawimbi yasiing'oe. Kamba ya milimita 5 ipite zote mbili na kurudi kwenye pete. Kwa mita 3.6 nunua mita 8. Amari, yaani kamba ya nanga yenyewe, yapita ndani ya pete, na ukivuta pete unachagua kulala omo au tezi. Usiache pete katikati ukiwa umetia nanga: mkondo ukikupata ubavuni, kayaki hupinduka.

Nanga ya kukunja ya kilo 1.5 yatosha. Amari iwe mara 3 ya kina bahari ikitulia, mara 5 kwenye upepo, na hesabu kina cha maji kujaa: siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) hapa tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Amari ifunge chini ya nanga, kwenye meno, halafu shina ulishike kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Meno yakinasa kwenye mwamba, vuta kwa nguvu: ile ya plastiki inakatika na nanga yatoka kinyumenyume. Mwishoni mwa amari funga boya, na kisu kiwe karibu.

Maji_Mafu
Ukimaliza, jaribu kwa sabuni. Funga vifuniko vyote, paka povu kwenye bolti, kisha puliza kwa mdomo kupitia tundu la kizibo. Kompresa usiitumie, itapasua bodi. Povu likivimba mahali, kaza hapo.

Kuosha pia: maji ya visima vingi Mombasa yana chumvi, kwa hiyo ukimwagia hayo hujaosha kitu. Tumia ya mvua, au mtungi mmoja wa lita 20, uanze na kapi.